Jogoo Aliyekomboa Simu

"Mpaka saa tisa," alisema Afande Levina. "Ikigonga saa tisa faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka, kesho asubuhi huyu dada anapanda kizimbani. Sina muda wa kubembeleza mtu."

Sajenti Ndahani akatazama saa ya ukutani. Saa mbili na robo asubuhi. Akatazama faili. Lilikuwa nene kama mkate wa boflo na lote lilikuwa linasema kitu kimoja: Flavia Kasimiri ana hatia.

"Afande, kuna kitu hakikai sawa."

"Kuna kitu hakikai sawa kwako wewe. Kwangu kimekaa." Levina alikuwa mkuu wa upelelezi wa wilaya na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu. "Haya, nieleze tena. Niambie ni wapi."

Ndahani hakupajua. Ndiyo ilikuwa shida yake.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Flavia alikuwa msimamizi wa Jenga Chap, huduma ya mtandaoni ya kuombea vibali vya ujenzi. Zamani ukitaka kujenga ulibeba michoro yako kwapani kama mkeka, ukazunguka meza kwa meza mpaka soli ziishe. Sasa unapiga picha karatasi zako, unazituma, unasubiri. Mtu wa ardhi anaweka tiki, mhandisi anaweka tiki, mtu wa afya anaweka tiki, halafu Flavia anagonga muhuri wa mwisho. Ni yeye peke yake mwenye uwezo wa kuruka hatua, labda mhandisi yuko safarini. Na akitaka kuruka, mfumo unamtumia tarakimu sita kwenye simu yake. Bila hizo tarakimu hakiendi kitu.

Alhamisi ya tarehe kumi na mbili Juni, saa kumi na nusu jioni, mtu alimruka mhandisi kwenye ombi la Bi Tatu wa Gongoni, aliyetaka kuongeza ghorofa juu ya nyumba yake. Kibali kikatoka. Wiki sita baadaye zege la juu likashuka lote, na chini yake alikuwepo fundi Majidi. Hakufa. Miguu yote miwili ilivunjika, na daktari alikuwa bado hajasema kama atatembea.

Kibali kilitolewa kwenye kompyuta ya mezani kwa Flavia. Tarakimu zilikwenda kwenye simu ya Flavia. Flavia anasema siku hiyo alikuwa Usoke, anamzika baba yake. Kweli, alizika. Lakini maziko yaliisha saa saba mchana, na Usoke mpaka mjini ni saa moja ya lami. Kampuni ya simu ikaleta karatasi: saa kumi alasiri simu ya Flavia ilikuwa imeshika mnara wa Gongoni, mtaa ilipo ofisi ya Jenga Chap. Ikalala hapohapo Gongoni. Ndugu arobaini wakaapa kwamba Flavia hakutoka msibani. Levina akawauliza, ndugu gani anayekuja polisi kumfunga ndugu yake?

Basi. Hapo ndipo faili lilipofungwa.

"Jana nilipita ofisini kwao," Ndahani alisema hatimaye. "Wanamlilia, afande. Rashidi wa kaunta alishindwa hata kunipa kiti. Alinipa maelezo huku anatetemeka."

"Rashidi alisema nini?"

"Kwamba walikwenda msibani na gari la ofisi, wakarudi, akaenda kwake."

"Basi huyo analia kwa sababu bosi wake yuko ndani. Hata mimi ukifungwa nitalia kidogo."

Ndahani akacheka, akabeba faili. Akilini alimwona tena yule kijana wa kaunta. Wenzake wote walikuwa wamevaa vitambulisho kwa utepe wa buluu wenye jina la Jenga Chap. Cha kwake kilikuwa kinaning'inia kwenye kamba ya kiatu. Na kiatu chake cha kushoto kilikuwa wazi, ulimi nje. Ndahani alikiona, akakipita. Upelelezi una takataka nyingi za namna hiyo.

*

Flavia aliletwa kwenye chumba cha mahojiano na kitenge kimoja tu mabegani. Siku tatu mahabusu zilikuwa zimemla mashavu.

"Umelala?" Ndahani aliuliza.

"Waliolala ni mbu wenu, wameshiba. Mimi ndiye nilikuwa chakula."

"Pole. Mimi naitwa Ndahani. Mgogo wa Mvumi."

Kichwa cha Flavia kikainuka. "Aa. Ndiyo maana tangu niingie unanitazama kama ng'ombe wa mnadani."

"Mnyamwezi hana bei, nani atamnunua? Babu zako walipita kwetu na mapembe begani, ndimi nje kwa kiu. Tukawapa maji."

"Mliwapa? Mlikalia kisima kama kuku anayeatamia, mpaka watu watoe kitambaa!"

"Na kitambaa chenyewe kilikuwa kimetoboka."

Flavia akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikubwa, askari wa mlangoni akageuka. Halafu akaziba mdomo kwa kitenge na mabega yakaanza kutikisika, na hicho hakikuwa kicheko tena.

Ndahani akamwacha amalize. Alijua alichokifanya. Kuanzia Ugogo mpaka huku Unyamwezini, njia ile ya misafara iliacha utani baina ya watu, na utani ni mlango. Mtu anakufungulia kabla hajakumbuka kwamba wewe ni polisi.

"Siku ya mazishi simu yako ilikuwa wapi?"

"Nilikuwa nayo."

Alijibu haraka mno. Sajenti akalishika neno hilo. Mambo mengine yote Flavia aliyasimulia kwa mapana: nani alipika, padre alichelewa kwa nini, mvua ambayo haikunyesha. Likija swali la simu, ni maneno mawili, kama mtoto anayesoma ubaoni.

Ndahani akafungua bahasha ya picha. Ndugu walizileta wenyewe, kumi na tisa, kuthibitisha Flavia alikuwepo kaburini. Levina alizikagua akimtafuta Flavia. Ndahani sasa akawatazama wengine, mmoja mmoja, uso kwa uso, mpaka picha ya kumi na moja.

Pembeni mwa kaburi kulikuwa na mzee mrefu mkavu. Watu wote wamevaa huzuni, yeye amevaa kofia iliyomzidi, mkoba wa kike begani, na kiatu kimoja cha mtu mwingine kimening'inia shingoni. Mfukoni mwa shati lake kilichungulia kitu chekundu.

Ndahani akauchukua mfuko wa vielelezo. Ndani kulikuwa na simu ya Flavia. Kava jekundu.

Akaweka picha na mfuko sambamba. "Huyu nani?"

"Sijui. Watu walikuwa wengi."

"Kofia aliyovaa ni ya nani?"

Flavia akaigeuza picha kifudifudi.

"Ni ya marehemu," Ndahani alisema taratibu. "Na huyu ni mtani. Msibani mtani anakamata anachotaka, na mwenyewe anakikomboa. Hata kwetu iko hivyo. Alikamata simu yako, dada. Kwa nini hukusema?"

"Afande." Flavia aliishika meza kwa mikono miwili. "Yule mzee ndiye aliyeingia kaburini kabla ya baba yangu. Alijinyoosha mle ndani, akapiga kelele kwamba kaburi ni fupi, Kasimiri atalala amekunja magoti kama mbuzi, chimbeni vizuri. Mama yangu, ambaye alikuwa hajala siku mbili, akacheka. Akacheka, akaomba uji. Mtu huyo nimlete polisi? Nyinyi mtamfunga pingu ndio mmuulize."

"Usipomtaja unakwenda wewe."

"Nitakwenda."

"Miaka mingi, Flavia."

"Mambo ya utani hayadaiwi wala hayashtakiwi. We Mgogo, unayajua hayo. Usinifanye niyaseme."

Ndahani akakusanya picha zake. Alichosema dada yule kilikuwa kweli tupu. Lakini kimoja hakikuingia: kama simu ilikuwa mfukoni mwa mzee wa Usoke, imefikaje Gongoni?

Kabla hajatoka akafanya jaribio dogo. Akawasha simu ile mbele ya askari wa vielelezo, akaiacha imejifunga, akaitumia ujumbe kutoka kwenye yake. Aliandika tarakimu sita tu. Kioo kikawaka. Tarakimu zikatokea juu, zote sita, bila kuulizwa neno la siri wala alama ya kidole.

"Yaani yeyote aliyeishika anasoma," askari akasema.

"Yeyote aliyeishika," Ndahani akamjibu. "Na kompyuta ya yule dada inakumbuka neno lake la siri yenyewe, nimeiona jana. Kilichobaki ni nani alishika."

*

Usoke alifika saa nne na nusu. Msimu wa tumbaku ulikuwa umekwisha, mabani ya kukaushia yamesimama matupu, milango wazi, harufu bado ndani. Hakuhangaika kuuliza. Aliwaonyesha picha wauza karanga wa stesheni na wote wakanyoosha kidole kimoja.

Mzee Emilian alikuwa amestaafu reli miaka mingi lakini hakuweza kukaa mbali nayo. Nyumba yake ilikuwa hatua hamsini kutoka kwenye njia ya treni. Alikuwa amekaa juu ya kipande cha taruma la reli, anachonga mpini wa jembe kwa panga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Viatu vinang'aa hivyo, wewe ni polisi au mchungaji?"

"Polisi. Mbukwenyi," Ndahani akamwamkia kwa Kigogo.

Panga likasimama hewani. "Ala! Wa kwetu? Mbukwa, mbukwa! Kaa hapo. Wametuletea polisi Mgogo, sasa Wanyamwezi wataisoma."

"Mzee, msibani kwa Kasimiri ulikamata nini na nini?"

"Oo, nilivuna!" Emilian akaanza kuhesabu kwa ncha ya panga. "Kofia ya marehemu, hiyo nilipewa kabisa. Mkoba wa shangazi mtu. Kiatu cha katekista, akasalisha na kimoja. Na simu ya yule binti, Flavia. Nyekundu."

"Simu ilikombolewa?"

"Siku ileile. Kwa jogoo. Yule pale."

Juu ya rundo la kuni alisimama jogoo mwekundu, mbavu nje, anawatazama kwa dharau.

"Hujamla?"

"Mkorofi. Na anawika vizuri kuliko kengele ya stesheni. Nimemsamehe."

"Nani alimleta? Flavia?"

"Flavia angetokaje? Alikuwa ndani na wanawake, kwenye mkeka. Alimleta kijana wa ofisini kwao, Mwislamu, mpole mpole, jina limenitoka. Nilitangaza pale kwamba simu ya binti haitoki bila jogoo, kijana akaniamini kweli. Akaenda kwa jirani, akarudi anafukuzana na jogoo kiwanja kizima, watu wanakufa kwa kicheko. Alipomkamata hakuwa na kamba. Akavua ile ya shingoni kwake, akamfunga miguu nayo, akanikabidhi."

Ndahani akasimama. "Kamba ipi ya shingoni?"

"Hiyo hapo. Nafungia banda."

Kwenye mlango wa banda la kuku, kitasa na msumari vilikuwa vimefungwa pamoja kwa utepe wa buluu. Jua lilikuwa limeupausha lakini maandishi yalisomeka. Jenga Chap. Jenga Chap. Jenga Chap.

"Ukampa simu mkononi?"

"Nikampa. Nikamwambia mpelekee dada yako."

"Akampelekea?"

Emilian akakuna shingo. "Hapo sasa. Kesho yake, saa mbili asubuhi, namwona anashuka kwenye basi. Akaniambia, mzee nisamehe, nilishindwa kuingia kwa wanawake, gari likaondoka, nikaisahau mfukoni. Mrudishie wewe, wewe ndiye uliyeikamata. Nikaona ana adabu. Nikaipeleka kwa mkono wangu."

"Flavia akajua imelala kwako."

"Angejuaje vingine? Hakuniuliza." Mzee akaliweka panga chini. Macho yake yalikuwa yameacha kucheka. "We mtoto, umetoka mjini kufuata jogoo?"

Ndahani akamweleza. Hakupamba. Zege, fundi, siku tatu mahabusu, kizimbani kesho. Akamweleza pia kwa nini Flavia alikataa kumtaja.

Treni ya mizigo ilikuwa inapita; Emilian akaitazama mpaka behewa la mwisho.

"Yaani mimi nimemzika baba," alisema, "nikamfunga mtoto?"

"Hujamfunga. Unaweza kumfungua. Nataka maelezo yako kwa maandishi."

"Maandishi gani! Naingia kwenye gari." Akasimama, akaita ndani wamletee shati. "Na huyu mshenzi wa juu ya kuni naye anakuja. Yeye ndiye shahidi wa kwanza."

*

Saa saba kasoro walikuwa Gongoni. Ndahani alimwacha Emilian kwenye gari na jogoo wake miguuni, akaingia ofisini peke yake.

Mbele ya kaunta kulikuwa na mama wa Mtendeni na simu yenye kioo kilichopasuka. Rashidi alikuwa ameinama upande wa pili, anamwelekeza.

"Mama, toa kidole. Kidole kinaingia kwenye picha, wataona umepima kiwanja kwa dole gumba."

"Hivi?"

"Hivyo hivyo. Sasa hapa, namba ya kiwanja. Nisomee polepole. Tena. Tena mara ya tatu, mama, usinichoke."

Ndahani akakaa kwenye benchi. Kamba ya kiatu bado ilikuwa shingoni mwa kijana, na kiatu cha kushoto bado wazi. Kamba za viatu zinauzwa kila kona ya soko. Mtu anayeshindwa kujinunulia kamba miezi miwili, ama amefilisika, ama hajihesabu tena kama mtu.

Akanyanyuka, akaweka utepe wa buluu juu ya kaunta.

Rashidi aliuona. Hakuruka, hakuuliza. Alisema tu, "Afande, ngoja nimalizie mama."

Akammalizia. Akamhakikishia kwamba ombi limefika, akamwandikia namba ya kumbukumbu kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akamsindikiza mpaka mlangoni. Halafu akarudi, akageuza kibao cha KARIBU kikaangalia ukuta.

"Jogoo mzima?" aliuliza.

"Mzima. Yuko kwenye gari."

"Nilidhani mzee atamla siku ileile."

"Kwa nini, Rashidi?"

Kijana akakaa. Akaushika utepe, akaanza kuukunja kidogo kidogo.

"Bi Tatu aliomba Novemba mwaka jana. Mimi ndiye nilimsaidia kutuma, hapahapa. Michoro yake nikaibandika kwenye namba ya kiwanja kisicho chake. Tarakimu moja tu. Mhandisi akaenda na hiyo namba, akakuta makaburi. Akalirudisha ombi. Nilipogundua, tayari alikuwa ameandika kwamba mwombaji ni mdanganyifu."

"Ungesema umekosea."

"Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi, afande. Nikasema nitarekebisha wiki ijayo. Halafu wiki ijayo nyingine. Yeye anakuja kila Alhamisi. Anakaa hapo ulipokuwa umekaa. Ananiletea kashata. Ananiita mwanangu. Haulizi kwa ukali, anasema tu, bado, mwanangu? Namwambia bado, mama."

"Endelea na siku ya msiba."

"Simu nilitaka kumpa dada Flavia kwelikweli. Nilisimama mlangoni kwao, wanawake wamejaa, nikaona aibu kuita. Dereva anapiga honi. Nikaitia mfukoni. Tumefika hapa mjini, naambiwa nishushwe ofisini nichukue baiskeli yangu niende kwangu, hapahapa Gongoni. Nani amekaa kwenye ngazi? Bi Tatu. Hakujua tumefunga kwa msiba. Alikuwa amekaa tangu asubuhi. Nikamweleza; akasimama, akanipa pole ya msiba wa bosi wangu. Halafu hakuuliza." Rashidi akaukaza utepe kidoleni. "Siku hiyo hakuuliza kabisa. Akashika njia akaondoka."

Ndahani hakuandika chochote. Kalamu ilikuwa mkononi tu.

"Nikafungua ofisi. Kompyuta ya dada inajua neno la siri yenyewe. Nikabonyeza kuruka. Simu ikalia mfukoni mwangu, tarakimu zikatokea. Afande, ni sekunde kumi. Nilijiambia mhandisi angepitisha tu, kosa ni langu, si la nyumba yake."

"Nyumba ilikuwa na kosa. Kuta za chini ni za udongo, zimepigwa plasta. Mhandisi angeona siku ya kwanza."

"Sasa najua."

"Bi Tatu alikupa kitu?"

"Kashata."

"Na kule hospitali, Majidi anasema kuna kijana anamletea uji kila asubuhi. Anadhani ni wa msikitini."

Rashidi akafunika uso. "Usimwambie, afande. Acha nimwambie mimi."

"Utamwambia mwenyewe. Ila kwanza twende kituoni. Siku tatu yule dada yuko ndani, na wewe uko hapa unatoa watu vidole kwenye picha."

"Kila asubuhi naamka nikisema leo nakwenda. Nafika mpaka kwenye kona ile ya kituo. Miguu inageuka yenyewe."

"Leo tunakwenda kwa gari," Ndahani alisema. "Kona hiyo hutaiona."

*

Saa nane na dakika arobaini Afande Levina alisoma maelezo mawili, akatazama utepe wa buluu, akatazama karatasi ya mnara, akarudia kutazama utepe. Mwisho akatazama kilichokuwa sakafuni.

"Sajenti. Hicho ni nini?"

"Kielelezo, afande."

"Kinakula faili langu."

"Mtoe nje huyo," Emilian alidakia kutoka kwenye benchi, "lakini msimle. Mkimla nakamata kofia zenu zote."

Levina akavua miwani, akasugua macho. Ndahani alisubiri kelele. Hazikuja. "Kamtoe yule dada," alisema. "Na mtafutie chai. Nzito."

Flavia alipotokea kwenye korido alimwona Emilian kwanza. Akapiga goti, mzee akamwinua kwa kumshika kisogo kama anavyoshikwa mtoto mtundu. "Mnyamwezi mjinga wewe," alimwambia. "Unakwenda jela kwa ajili ya Mgogo? Baba yako angenicheka mpaka kiama."

"Alikwisha kukucheka, babu. Ulikuwa unamkosesha usingizi."

Ndipo akageuka, akamwona Rashidi.

Kijana alikuwa amesimama kaunta, anakabidhi vitu kabla ya kuingizwa mahabusu. Mkanda. Funguo. Saa. Askari alikuwa anaandika kimoja kimoja.

Ndahani alikuwa amemweleza Flavia njiani, kwa maneno machache. Alijiandaa kumzuia. Flavia hakunyanyua mkono. Alimsogelea mpaka wakawa wanatazamana.

"Ungeniita," alisema.

"Ulikuwa kwenye mkeka, dada. Na msiba wa baba yako."

"Ningetoka. Ungesimama mlangoni useme Flavia, nimekosea namba ya kiwanja cha Bi Tatu. Ningekutukana, halafu ningetoka." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Kurekebisha namba ni dakika mbili, Rashidi. Mbili. Kompyuta ingekuuliza una uhakika, ungebonyeza ndiyo."

Rashidi alitikisa kichwa juu na chini, juu na chini.

"Kamba za viatu," askari wa kaunta alisema. Ni utaratibu, kila anayeingia anavua.

Rashidi akainama, akavua ya kiatu cha kulia, akaiweka mezani.

"Na ya kushoto?"

Mkono wa kijana ukapanda shingoni. Akashika lile fundo alilolifunga mwenyewe mwezi wa sita, akalivuta, vidole vikawa vinateleza. Akajaribu tena. Halikufunguka.

"Inama," Flavia alimwambia.

Akainama. Flavia akalifungua lile fundo kwa kucha, taratibu. Akakitoa kitambulisho, akakifuta vumbi kwa kitenge chake, akakitia mfukoni mwa shati la Rashidi. Kisha akaiweka kamba juu ya meza, sambamba na mwenzake.

"Mbili," alimwambia askari. "Andika."